Somo la Afya: Maumivu ya Kifua ya Ghafla, Dawa Ipite Njia Gani?



Somo la robo hii linahusu swali moja tu, nalo ni la njia. Mgonjwa ameletwa zahanati ameshika kifua, jasho jembamba linamtoka, anapumua kwa shida. Dawa apewe kwa njia gani? Aimeze, aitafune, iwekwe chini ya ulimi, achomwe sindano ya msuli, au iingizwe moja kwa moja kwenye mshipa wa damu? Wapo watakaosema hayo ni ya waganga na wauguzi, kamati ya usharika haihusiki. Sikubaliani nao. Kamati ndiyo inayopitisha orodha ya manunuzi. Kamati ndiyo inayopokea malalamiko ya washarika wasioridhika na huduma. Na mara nyingi ni mzee wa kanisa au mjumbe wa kamati, kwa nia njema kabisa, anayesimama mlangoni na kumshinikiza muuguzi atumie njia isiyofaa.

Mimi ni mratibu wa miradi, si muuguzi. Yaliyomo humu nimeyapitia pamoja na waganga na wauguzi wa vituo vyetu, na yanafuata mafundisho wanayopewa vyuoni. Somo hili halimfanyi msomaji kuwa tabibu. Linakusudia kumsaidia aelewe anachokiona siku ya dharura.

Nitaanza na jambo kuu ili lisipotee katikati ya maelezo. Katika dharura ya moyo, dawa ya kwanza ni kidonge cha bei ndogo kinachotafunwa. Sindano ya msuli, ambayo watu wetu wanaidai kuliko kitu kingine chochote, ndiyo njia ya kuepukwa.

Si kila kichomi ni moyo

Watu wetu wanapoumwa kifua husema wana kichomi, au gesi, au kiungulia, na mara nyingi wanasema kweli. Kifua huuma kwa nimonia, kwa kifua kikuu, kwa vidonda vya tumbo, kwa msuli uliovutika baada ya kubeba mzigo. Lakini yapo maumivu ya aina nyingine: kifua kinabanwa kama kimewekewa gunia la mahindi, maumivu yanapanda shingoni au kwenye taya, yanashuka mkono wa kushoto au yanaingia mgongoni, mgonjwa anatokwa jasho la baridi, anataka kutapika, anaishiwa pumzi. Hayo yakidumu zaidi ya dakika chache hata akiwa amekaa, ni lazima yachukuliwe kuwa ni mshtuko wa moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali, wakalalamika tu kwamba wamechoka ghafla au wanahema.

Kinachotokea ndani ni hiki. Moyo nao ni msuli, unahitaji damu yake wenyewe, nayo huletwa na mishipa midogo inayouzunguka. Ndani ya mshipa mmojawapo mafuta yaliyojikusanya kwa miaka hupasuka, damu huganda juu ya mpasuko, bonge linaziba njia, na sehemu ya msuli wa moyo inaanza kufa. Haifi mara moja. Inakufa kidogo kidogo kwa saa kadhaa, na kila nusu saa ina hesabu yake.

Zamani tuliambiwa kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri wa mjini. Sasa sivyo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, tafiti zilizofanywa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, zimeonyesha kwamba mshtuko wa moyo upo kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba wagonjwa wengi wenye tatizo hilo huhudumiwa kwa ugonjwa mwingine kwa sababu hakuna aliyeufikiria.

Njia ni sehemu ya dawa

Muuguzi hufundishwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kutoa dawa yoyote: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Wengi wetu tunafikiria dawa na kiasi tu. Njia tunaiona kama suala la mazoea.

Hata katika Maandiko njia hazichanganywi. Msamaria mwema alimimina mafuta na divai juu ya majeraha, hakumnywesha aliyejeruhiwa. Paulo anamshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na hakika hakumaanisha ajipake. Hezekia naye aliwekewa andazi la tini juu ya jipu. Sijengi fundisho la imani juu ya hayo, nasema tu kwamba watu wa kale nao walijua kuwa kitu kilekile kina kazi tofauti kulingana na mahali kinapopitia.

Dawa inayomezwa ina safari ndefu. Inashuka tumboni, inayeyuka, inaingia kwenye utumbo, inanyonywa na damu. Kisha damu yote itokayo utumboni hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kokote. Ini ni kama geti la ushuru: kila kitu kinasimamishwa, na baadhi ya dawa huvunjwavunjwa hapo hata zikabaki kidogo sana. Kwa maumivu ya goti safari hii haina neno, mtu atangoja nusu saa au saa nzima. Kwa mshtuko wa moyo ni tofauti. Isitoshe, mwili ulio katika hatari hupunguza damu inayokwenda tumboni ili kuokoa ubongo na moyo, kwa hiyo kilichomezwa hukaa tu. Na mgonjwa mwenyewe huenda akatapika.

Aspirini: itafunwe

Sasa msomaji atauliza, kama kumeza kuna matatizo yote hayo, mbona dawa ya kwanza ni kidonge? Jibu ni kwamba aspirini ina tabia ya pekee, na hutolewa kwa namna ya pekee.

Kazi ya aspirini hapa si kutuliza maumivu. Inazuia chembe sahani za damu zisiendelee kushikamana na kulikuza lile bonge. Chembe hizo hupita katika damu ya utumboni pia, kwa hiyo aspirini inaanza kuzikamata humo humo, hata kabla ya kufika kwenye ini. Ndiyo maana geti la ini haliiharibii sana kazi yake. Kinachobaki ni kuifikisha haraka kwenye damu, na hilo hufanywa kwa kuitafuna. Kipimo kimoja kilichowahi kufanywa kililinganisha watu walioitafuna aspirini na walioimeza nzima. Kwa waliotafuna, nusu ya kazi ilikuwa imekamilika kwa kama dakika 5, kwa waliomeza ilichukua kama dakika 12. Chungu yake ni ya kuvumilia.

Kiasi kinachotumika kwa kawaida ni miligramu 300. Kama zahanati ina vile vidonge vidogo vya miligramu 75 wanavyopewa wagonjwa wa presha na moyo, ni vinne kwa pamoja. Hapa kuna jambo ambalo kamati za manunuzi zinapaswa kulijua. Vidonge vingi vya aspirini huuzwa vikiwa na gamba maalumu linalozuia visiyeyuke tumboni, ili kulinda ukuta wa tumbo. Ni vizuri kwa anayetumia kila siku. Katika dharura gamba hilo linachelewesha, kwa hiyo zahanati iwe na vile visivyo na gamba. Ikiwa vyenye gamba ndivyo vilivyopo, basi vitafunwe mpaka visagike.

Ushahidi wa aspirini ni wa zamani na ni imara. Utafiti uitwao ISIS-2, uliotangazwa mwaka 1988, uliwahusisha wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Waliopewa aspirini walipungukiwa na vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika wiki 5 za kwanza. Waliopewa dawa ya kuyeyusha bonge, streptokinesi, kwa njia ya mshipa, walipungukiwa kwa asilimia 25. Waliopewa zote mbili, kwa asilimia 42. Wahisani wetu naomba muitazame tena namba ya kwanza. Kidonge ambacho bei yake haifiki bei ya soda kilikaribia kulingana na dawa ya hospitali yenye gharama kubwa.

Pamoja na hayo nimewahi kukuta zahanati isiyo na aspirini hata moja. Sababu niliyopewa ni kwamba paracetamol imechukua nafasi yake. Kwa homa na kwa watoto ni kweli, na ni sahihi: watoto na vijana chini ya miaka 16 hawapewi aspirini kwa homa, kwa kuwa inaweza kuwaletea madhara ya ini na ubongo. Lakini paracetamol haizuii damu kuganda namna hiyo. Panadol mbili kwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo ni sawa na kutompa kitu.

Wapo wasiopewa aspirini: mwenye mzio nayo, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, na yule ambaye mganga anahisi mshipa wake mkuu umepasuka, hasa maumivu yakiwa ya kurarua yanayokwenda mgongoni. Ndiyo maana muuguzi huuliza maswali kabla ya kutoa kidonge. Tusimwone kama anachelewesha.

Chini ya ulimi: isitafunwe, isimezwe

Dawa ya pili ni nitrogliserini, ambayo wengi wanaiita tu dawa ya chini ya ulimi. Historia yake inashangaza. Iligunduliwa na mkemia Ascanio Sobrero huko Turin, Italia, mwaka 1847. Alipoionja kidogo kichwa kilimuuma sana, kwa sababu mishipa ilikuwa imetanuka. Alfred Nobel wa Sweden aliitumia kutengeneza baruti ya kupasulia miamba, ndiyo iliyompa utajiri uliotoa Tuzo za Nobel. Mwaka 1879 daktari Mwingereza William Murrell aliandika jinsi ilivyowasaidia wagonjwa wake wa maumivu ya kifua. Na Nobel huyo huyo alipougua moyo uzeeni, madaktari wake walimwandikia nitrogliserini.

Dawa hii ikimezwa, ini huiharibu karibu yote. Hapo ndipo ulimi unapoleta msaada. Ngozi ya chini ya ulimi ni nyembamba sana (jitazameni kwenye kioo, mishipa inaonekana kwa macho), na damu ya hapo hurudi kwenye moyo bila kupitia ini. Dawa inaanza kazi kwa dakika 1 hadi 3: inatanua mishipa, mzigo wa moyo unapungua, maumivu yanalegea. Haiyeyushi bonge. Inampa mgonjwa nafuu.

Nimeelezwa kwamba makosa mengi hutokea hapa, kwa kuwa dawa mbili zinatolewa kwa wakati mmoja na maelekezo yake yanapingana. Aspirini inatafunwa na kumezwa. Nitrogliserini inaachwa chini ya ulimi mpaka iyeyuke yenyewe. Mgonjwa mwenye hofu, mdomo umekauka, huweza kumeza vyote. Muuguzi makini humpa kwanza tone la maji alowanishe mdomo, anampa aspirini atafune, halafu anamwambia ainue ulimi na anakiweka kidonge cha pili yeye mwenyewe.

Mgonjwa awe amekaa, kwa sababu presha hushuka na anaweza kuzirai. Presha ipimwe kabla: namba ya juu ikiwa chini ya 90 haitolewi. Vilevile muuguzi atamuuliza mgonjwa mwanamume, na ikibidi atawaomba ndugu watoke nje kwanza, kama ametumia dawa za nguvu za kiume kama Viagra ndani ya siku moja au mbili zilizopita. Dawa hizo zikikutana na nitrogliserini presha inaweza kuanguka vibaya hata kuua. Wazee wa kanisa wasichukie swali hilo. Ni la kitabibu.

Kuhusu utunzaji, vidonge hivi vikaidi sana. Vinaharibiwa na joto, mwanga na hewa, na hupotea nguvu vikihamishiwa kwenye vifuko vya plastiki kama tunavyofanya kwa vidonge vingine. Vikae katika chupa yake ya kioo yenye rangi, kifuniko kikiwa kimekazwa, na chupa iandikwe tarehe ilipofunguliwa. Chupa iliyokaa wazi dirishani tangu Pasaka mpaka Kipaimara haina kitu ndani.

Sindano ya msuli

Hapa ndipo penye ugomvi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Heshima ya sindano katika nchi yetu ina asili yake. Wazee wetu waliona ugonjwa wa buba ukiwala watu nyuso na miguu. Katika miaka ya 1920 zikaja sindano za bismathi na za dawa zenye aseniki, na katika miaka ya 1950 ikaja penisilini, na vidonda vilivyokuwa vimekaa miaka vikakauka kwa siku chache. Misheni nazo zilitoa sindano hizo. Mtu aliyeona muujiza huo hawezi kulaumiwa akiamini kwamba dawa ya kweli ni ile inayochoma. Imani hiyo tumeirithi, na tunailipia.

Ndivyo inavyokuwa. Mzee analetwa na watoto wake kwa bodaboda au gari la kukodi. Muuguzi anampa kidonge atafune. Kijana anaanza:

"Sista, mbona humchomi baba sindano? Tumetoka mbali."

"Kaka, baba ameshapata dawa. Sindano ya makalioni kwa hali yake itamdhuru."

"Yaani kumleta kote huku ni aspirini tu? Hata dukani ipo."

Baadaye mjumbe wa kamati anapigiwa simu kwamba zahanati ya usharika haina dawa. Na muuguzi ambaye ameshasemwa mara tatu, mara ya nne anavuta diklofenaki na kuchoma ili yaishe.

Kuna sababu nne za kutochoma, nazo kamati izijue vizuri ziweze kumtetea muuguzi. Kwanza, dawa iliyochomwa kwenye msuli hutegemea damu inayopita pale iichukue. Mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika, mikono na miguu imepoa, damu haipiti msulini kama kawaida. Dawa inakaa pale ilipochomwa, haifanyi kazi kwa wakati, halafu hali ikitengemaa inaingia yote kwa pamoja. Hakuna anayejua itaingia lini wala kiasi gani. Pili, hospitalini huenda akahitaji kupewa dawa ya kuyeyusha bonge, na dawa hiyo haichagui: inayeyusha damu iliyoganda popote penye jeraha, hata pale sindano ilipopita. Msuli unaweza kuvuja ndani kwa ndani na kufanya uvimbe mkubwa wa damu. Kwa hiyo sindano ya zahanati inamwachia daktari wa hospitali hatari ambayo haikuwepo. Tatu, sindano huumiza msuli, na msuli ulioumia hutoa baadhi ya vimeng'enya vilevile ambavyo maabara ilizoea kuvitumia kutambua msuli wa moyo unaokufa. Kipimo kipya cha troponini hakidanganyiki hivyo, lakini hakipo kila mahali. Nne, diklofenaki yenyewe na dawa za jamii yake, kama ibuprofen, huongeza hatari kwa mwenye mshtuko wa moyo, iwe sindano au kidonge. Hapo tatizo ni njia na dawa pia.

Hizi ni sababu za kumkataza mtu kuchoma msuli katika dharura hii tu. Chanjo, sindano ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, na nyingine nyingi zinabaki pale pale. Nasema hivyo kwa sababu nawajua watu wetu: ukisema sindano mbaya leo, kesho mama anakataa mtoto asichanjwe.

Mshipani

Njia ya mshipa ndiyo ya haraka kuliko zote. Dawa inafika kwenye moyo kwa muda usiofika dakika, yote, bila kupita utumbo wala geti la ini. Ndiyo maana hospitalini mofini ya kutuliza maumivu makali hutolewa mshipani, kidogo kidogo, huku muuguzi akitazama jinsi mgonjwa anavyopumua, na streptokinesi hupitishwa kwa dripu kwa muda wa dakika 30 hadi 60.

Lakini haraka hiyo ina upande wake wa pili. Kilichomezwa kinaweza kutapikwa, kidonge cha chini ya ulimi kinaweza kutemwa, lakini kilichoingia mshipani hakirudi. Mofini ikizidi huzuia pumzi. Isitoshe imeonekana kwamba mofini hupunguza mwendo wa tumbo, hata dawa nyingine za kumeza zinazotolewa pamoja na aspirini huchelewa kufanya kazi. Kwa hiyo haitolewi kwa kila mwenye kifua kinachouma, bali kwa yule ambaye maumivu hayakutulia.

Zahanati haitarajiwi kutoa dawa hizo. Inaweza kufanya jambo moja kubwa: kumwekea mgonjwa kanula mapema, wakati mishipa bado imesimama. Presha ikishashuka, mishipa hulala, na wakati huo hata mtaalamu hutafuta mshipa kwa dakika nyingi. Kanula iliyowekwa zahanati, hata bila dawa yoyote kupita humo, ni mlango uliofunguliwa kabla ya giza kuingia. Kumwekea kanula si sababu ya kumjaza dripu ya maji, jambo ambalo nalo ndugu huliomba. Moyo uliochoka ukiongezewa maji mengi, yanajaa kwenye mapafu.

Kuna na oksijeni, ambayo njia yake ni pumzi. Kwa miaka mingi kila mwenye maumivu ya kifua alivalishwa barakoa ya oksijeni. Mwaka 2017 utafiti wa Sweden wa wagonjwa 6,629 ulionyesha kwamba kwa mtu ambaye oksijeni ya damu yake ni ya kutosha, kumwongezea hakumsaidii: vifo baada ya mwaka mmoja vilikuwa asilimia 5.0 na 5.1. Sasa hupewa yule ambaye kipimo cha kidoleni kinasoma chini ya 90. Katika zahanati yenye mtungi mmoja, tena unaojazwa mjini, habari hii ni njema. Mtungi ubaki kwa mtoto mwenye nimonia anayeuhitaji kweli.

Kamati inunue nini, mhisani atume nini

Orodha si ndefu. Aspirini isiyo na gamba, iwepo wakati wote, ikiwa imetengwa kwenye kisanduku cha dharura na si kabatini penye kufuli ambalo ufunguo wake uko nyumbani kwa mganga mfawidhi. Nitrogliserini ya chini ya ulimi, chupa ndogo, au isosorbaidi ya miligramu 5 ya chini ya ulimi ikiwa ndiyo inayopatikana. Kanula za ukubwa wa kutosha na plasta za kuzishikilia. Kipimo cha presha kinachofanya kazi na kile cha kidoleni cha oksijeni. Kwa vituo vya afya, mashine ya ECG ya kupima umeme wa moyo, pamoja na karatasi zake. Narudia karatasi, maana nimeona mashine nzuri iliyotolewa na marafiki wa mbali ikiwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi kwa sababu karatasi ziliisha na hakuna aliyepanga bajeti yake.

Kwa wahisani, neno moja kwa upendo. Wageni wanapokuja na masanduku ya dawa, wakati mwingine humo huwa na viraka vya nitrogliserini vya kubandika kwenye ngozi. Ni dawa hiyo hiyo, lakini ngozi huipitisha polepole kwa saa nyingi. Vinamfaa mgonjwa wa kudumu aliye kwenye kliniki. Katika dharura havifai, na vikikaa kwenye kisanduku cha dharura vinaweza kumpotosha muuguzi wa zamu ya usiku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, unataka dawa itumwe kwa mahitaji yaliyoelezwa na mpokeaji na ikifika iwe imebakiwa na muda wa angalau mwaka mmoja. Tuulizeni kwanza. Pengine tutaomba mafuta ya gari la wagonjwa.

Kwa kweli gari ndilo linaloamua mengi. Yote tuliyoyaeleza ni ya dakika 15 za kwanza. Dawa ya kuyeyusha bonge inasaidia zaidi ikitolewa katika saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake ni ndogo sana. Kuzibua mshipa kwa puto hufanyika katika vituo vichache, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kwa hiyo kila kamati ikae na mganga wake ijibu maswali haya kabla ya msimu wa mvua: gari la kuita usiku ni la nani, nani ana namba ya dereva, mafuta yanalipwa na mfuko gani, na hospitali ya kwenda ni ipi, si iliyo karibu tu bali yenye dawa hiyo.

Mgonjwa asitembee mwenyewe hadi garini, abebwe. Muuguzi amsindikize akiwa na chupa ya nitrogliserini mkononi. Na kwenye barua ya rufaa aandike kwa saa na dakika: maumivu yalianza lini, aspirini kiasi gani na saa ngapi, nitrogliserini mara ngapi, presha ilikuwaje kila mara, kanula iko mkono upi. Mwisho aandike maneno haya matatu ambayo daktari wa hospitali atayatafuta kwanza: hakuchomwa sindano msulini.